Hati Bila Daftari

Mkulima wa Bulongwa anapopanda misindano kwenye mteremko wake, anaanza kazi ambayo huenda ikamalizwa na mtu mwingine. Mbao nzuri inahitaji mti uliosimama miaka 15 au zaidi, ingawa wengi hukata mapema kwa sababu ya ada ya shule au ugonjwa. Ndani ya muda huo mume anaweza kufariki, mtoto wa kwanza akahamia Makambako au Kariakoo, jirani aliyeujua mpaka akazikwa, na mzee wa ukoo aliyeligawa shamba kwa neno la mdomo akaondoka na neno lake. Siku msumeno unapoingia shambani, swali la nani mwenye miti huulizwa mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwapo lilipojibiwa mara ya kwanza.

Bulongwa ni kata ya wilaya ya Makete, mkoani Njombe, kwenye nyanda za juu zenye baridi ya viazi, pareto na matofaa. Wengi nje ya mkoa huijua kwa hospitali yake ya Kilutheri. Wilaya yenyewe ina historia ya watu kuondoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni biashara: Wakinga ni wafanyabiashara maarufu, na maduka yao yanajulikana kuanzia Mbeya hadi Dar es Salaam. Ya pili ni UKIMWI, ulioingia Makete mapema na kuacha wajane na yatima wengi. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 106,061 wilayani; ile ya 2012 ikahesabu 97,266. Ni wilaya chache za Tanzania zilizopungua watu katika muongo huo. Utafiti wa kitaifa wa 2011-12 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani Njombe yamefikia asilimia 14.8 ya watu wazima, na ule wa 2022-23 ukakuta asilimia 12.7. Mara zote mbili Njombe iliongoza nchini.

Mahali pa namna hiyo, mfumo wa kumiliki ardhi unaotegemea kumbukumbu za wazee una udhaifu wa wazi: wanaokumbuka wanatoweka haraka kuliko mfumo unavyoweza kuhimili. Hiyo ndiyo sababu nzito ya kurasimisha ardhi ya vijiji vya Makete. Lakini urasimishaji umekuwa ukinadiwa nchini kwa sababu nyingine kabisa, na kwa kuwa sababu hiyo ndiyo iliyoamua jinsi kazi inavyopangwa na kupimwa, sehemu iliyo muhimu zaidi kwa mjane na yatima imeachwa bila fedha na bila mtu wa kuisimamia.

Kurasimisha, kwa maana ya sheria ya ardhi, ni kuandika haki ambayo tayari ipo. Jambo hili linasahaulika kwa urahisi. Serikali ya Wajerumani ilitangaza mwaka 1895 kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola, na kwa macho yake karibu ardhi yote ya Waafrika haikuwa na mwenyewe aliyethibitika. Waingereza walitunga sheria yao ya ardhi mwaka 1923, na mwaka 1928 wakaongeza kifungu kilichotambua kwamba mtu anayekalia ardhi kwa mila za kwao anahesabiwa kuwa na haki ya kuikalia. Haki hiyo ya kuhesabiwa ndiyo iliyobebwa hadi baada ya uhuru. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu na kuwapa maeneo mapya bila kufuta madai ya zamani kwa utaratibu wowote, na madai hayo yalipoanza kufikishwa mahakamani, Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1992 ya kuyafuta. Baba na mwanawe kutoka kijiji cha Kambi ya Simba, Arusha, walipinga. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ilijengwa juu ya msingi huo. Ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, ila ndani ya mipaka ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Mwanakijiji anaweza kuomba hatimiliki ya kimila, ambayo kisheria ina hadhi sawa na hati inayotolewa mjini na inaweza kudumu bila ukomo wa miaka. Asiyeomba haipotezi haki yake. Anabaki nayo ikiwa haijaandikwa. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba bila hati shamba si lake anadanganywa, na uongo huo umewahi kutumiwa kuwatisha watu wasiojua sheria.

Kishindo cha urasimishaji kilikuja mwaka 2004, wakati wa Rais Benjamin Mkapa, ulipoanzishwa Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania, yaani MKURABITA. Nyuma yake yalikuwapo mawazo ya Hernando de Soto, mchumi wa Peru, ambaye kitabu chake cha mwaka 2000 kilidai kwamba maskini wa dunia wana mali nyingi zisizoweza kuzaa mtaji kwa sababu hazijaandikwa. Taasisi yake ilifanya tathmini nchini na kueleza kwamba asilimia 98 ya biashara na asilimia 89 ya mali zisizohamishika zilikuwa nje ya mfumo rasmi. Hitimisho likawa rahisi kulieleza jukwaani: mpe mkulima hati, apeleke benki, apate mkopo, atoke kwenye umaskini.

Ahadi hiyo inakwama mahali panapoonekana mtu akijiweka kwenye kiti cha ofisa mikopo. Dhamana ina thamani kwa benki endapo mkopaji akishindwa kulipa inaweza kuuzwa haraka, kwa bei inayojulikana, kwa mnunuzi yeyote. Shamba la ekari mbili kwenye mteremko wa Bulongwa halina sifa hizo. Uhamisho wa haki ya kimila unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, wanunuzi ni wachache, na wengi wao ni ndugu au majirani wa mdaiwa, watu wasio tayari kununua shamba la mwenzao lililonadiwa kwa nguvu. Mkulima naye anajua hesabu yake. Kuweka rehani shamba pekee linalolisha watoto, kwa mkopo wa mbegu ya viazi ambayo bei yake inaweza kuanguka msimu ujao, ni hatari asiyoihitaji. Zipo benki zinazopokea hatimiliki za kimila, na wapo wakulima walionufaika. Lakini kwa mkulima mdogo wa kawaida mlango wa mkopo haukufunguka kwa upana ulioahidiwa.

Ushahidi wa nje unaelekea huko huko. Wachumi Galiani na Schargrodsky walifuatilia familia za pembezoni mwa Buenos Aires ambazo baadhi zilipata hati na nyingine hazikupata, kwa sababu zisizotokana na juhudi zao wenyewe. Zilizopata hati ziliboresha nyumba zao na kuwasomesha watoto zaidi, lakini mikopo haikuongezeka kwa kiasi cha maana. Nchini Peru, nyumbani kwa de Soto, mtafiti Erica Field aliona kwamba waliopata hati walifanya kazi zaidi nje ya nyumba, kwa kuwa hawakulazimika tena kubaki nyumbani kulinda kiwanja. Hati ilileta usalama, na usalama ukabadilisha maisha. Kwa mjane wa Makete usalama huo ndio wenye uzito, na hauji kwa kuchapisha karatasi peke yake.

Usalama huo unatoka shambani. Kabla ya hati kutolewa, kijiji huunda kamati ya kuhakiki mipaka yenye wajumbe wasiozidi 9, ambao angalau 4 kati yao lazima wawe wanawake. Siku ya kazi, wajumbe, mwenye shamba na majirani wote wanaopakana naye huzunguka shamba kwa miguu wakiwa na mtu mwenye kifaa cha GPS au, siku hizi, simu yenye programu ya kupimia, kama iliyojaribiwa kwanza katika kijiji cha Ilalasimba, wilaya ya Iringa. Kwenye kila kona wanasimama. Mwenye shamba anataja alama yake: kisiki, jiwe, mstari wa mianzi ya ulanzi. Jirani anaulizwa kama anakubali. Akikubali, nukta inachukuliwa na wote wanasonga mbele. Akikataa, kipande hicho kinawekwa kando na mgogoro unapelekwa kwenye baraza la ardhi la kijiji.

Nguvu yote ya hati imo katika kile kituo kifupi kwenye kona. Vifaa vya kawaida vya GPS hukosea kwa mita kadhaa, na kwenye mteremko uliogawanywa kwa vipande vyembamba kutoka bondeni hadi juu, mita 4 za makosa zinaweza kumeza sehemu kubwa ya urithi wa mtu. Namba pekee hazitoshi kumaliza ugomvi. Kinachomaliza ni kwamba jirani, mtu pekee mwenye faida ya kukana mpaka, ameukubali mchana, mbele ya wajumbe na mbele ya watoto waliofuata nyuma. Wilaya zinazoharakisha kazi ili kufikisha idadi ya hati zilizopangiwa huanza kupunguza hapo hapo: majirani hawaitwi wote, kona zinapimwa bila mwenye shamba, wajumbe wanatia saini fomu ofisini. Karatasi inayotokana na kazi hiyo inafanana kabisa na ile iliyotokana na kazi nzuri. Tofauti huonekana baada ya miaka 10, mahakamani.

Baada ya uhakiki, ramani hubandikwa hadharani ili mwenye pingamizi alitoe. Kisha hati huchapishwa, hutiwa saini na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kijiji, mwenye shamba hutia saini au dole gumba, na ofisa ardhi wa wilaya huisajili na kuigonga muhuri. Nakala hubaki kijijini kwenye masjala ya ardhi, yaani chumba salama chenye kabati la kufungwa na daftari la kumbukumbu. Vijiji vingi vimekwamia hapo kwa kukosa chumba.

Swali la nani huandikwa kwenye hati linastahili kutafakariwa zaidi, kwa sababu kalamu inaweza kumaliza dhuluma au kuipa muhuri. Sheria ya 1999 iko wazi: mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo ni batili. Lakini kwenye mirathi bado zipo kanuni za sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, zinazowaweka watoto wa kike daraja la mwisho la urithi na kumwacha mjane mwenye watoto bila fungu lake, kwa hoja kwamba atatunzwa na watoto wake. Wajane wawili walizipinga Mahakama Kuu mwaka 2005. Mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini haikuzifuta. Rufaa yao ikatupwa kwa dosari ya kiufundi. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania ilivunja haki zao. Kanuni za 1963 hazijafutwa.

Kati ya sheria hizo mbili yupo mwanamke aliyelima shamba miaka 20 kwa jina la mume. Mume akifa kabla ya uhakiki, kamati inaweza kumwandika yeye, mtoto wake mkubwa wa kiume, au shemeji anayesema shamba ni la ukoo. Mume akiwa hai na jina lake likaandikwa peke yake, mke huonekana mbele ya sheria kana kwamba hakuwahi kushika jembe, na kazi ya kuthibitisha mchango wake huanzia msibani, siku ambayo hana nguvu wala nauli. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Mila isiyoandikwa huacha nafasi ya kujadiliana: mzee mwenye huruma, mchungaji, shangazi mwenye sauti kwenye kikao cha ukoo. Jina moja likishachapwa, nafasi hiyo hufungwa.

Dawa yake si ngumu, na imeonekana papa hapa nchini. Katika makazi ya Mburahati Barafu na Kigogo Kati, jijini Dar es Salaam, watafiti waliwapa wakazi vocha za kupunguza gharama za hati ya kiwanja, na baadhi ya vocha zikawa na sharti la kuandika jina la mwanamke wa nyumba kama mmiliki mwenza. Karibu wote waliopewa vocha zenye sharti waliandika majina ya wanawake, hata pale punguzo la ziada lilipokuwa dogo. Kumbe upinzani wa wanaume dhidi ya jina la pili haukuwa mkubwa kama ulivyodhaniwa. Kilichokosekana ni fomu inayouliza swali hilo na sababu ndogo ya kulijibu vizuri. Kwenye uhakiki wa vijijini hakuna kinachozuia kamati kuanza na majina mawili kama kawaida, na kumtaka anayetaka jina moja ndiye aeleze kwa nini.

Yapo pia mambo ambayo karatasi hushindwa kuyabeba hata ikiandikwa kwa uangalifu. Mfano ulio karibu zaidi na sufuria ni vinyungu. Hivi ni vitalu vya bondeni, kwenye udongo unaobaki na unyevu wakati wa kiangazi, vinavyopandwa mahindi, maharage, maboga na mboga, na kuvunwa wakati ghala la mahindi ya mlimani limepungua. Katika nyanda za Iringa na Njombe kinyungu ni akiba ya kaya, na mara nyingi ni mwanamke anayekilima. Haki yake mara nyingi ni ya msimu na ya maelewano: huyu analima hapa, maji yanapita pale, ng'ombe wanaruhusiwa baada ya mavuno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kijiji kinapotengeneza mpango wa matumizi bora ya ardhi, hatua ambayo kwa kawaida hutangulia hati, bonde huelekea kupakwa rangi ya hifadhi ya vyanzo vya maji. Shamba la misindano la mume mlimani linapata hati. Kinyungu cha mke bondeni kinageuka uvamizi.

Kulinda vyanzo vya maji ni lazima, na mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi imekausha visima vya watu wengi kuliko mboga zilivyowahi kufanya. Lakini kijiji kina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na sheria ndogo inaweza kuandika haki ya kulima vinyungu kwa majina, kwa msimu, kwa umbali fulani kutoka kwenye maji na bila kupanda mti wowote. Hayo nayo ni urasimishaji. Hayahesabiwi kwa sababu hayatoi hati ya kupiga nayo picha.

Miti imeongeza uzito wa haya yote. Kwa desturi za sehemu nyingi, anayeazimwa shamba anaruhusiwa mahindi na viazi, haruhusiwi miti, kwa kuwa anayepanda mti ameanza kudai ardhi. Bei ya mbao ilipopanda, watu kutoka mjini walianza kununua mashamba ya milimani kwa karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa mtendaji. Mradi wa Panda Miti Kibiashara, ulioanza 2014 kwa ushirikiano wa Tanzania na Finland na kufanya kazi Makete pamoja na wilaya nyingine za nyanda hizi, ulilazimika kuingia kwenye mipango ya matumizi ya ardhi, kwa sababu kushauri miche bora kwenye ardhi isiyojulikana ni ya nani ni kuandaa kesi. Muuzaji mara nyingi ni kijana aliyerithi juzi na anayetaka mtaji wa duka Makambako. Dada zake wanapata habari shamba likiwa limeshachimbwa mashimo ya miche.

Na hapa ndipo daftari linapohitajika kuliko hati. Hati hueleza hali ya siku ilipotolewa. Baada ya hapo mwenye hati atakufa, atagawa, atauza, ataolewa au ataachika, na kila tukio lisipoandikwa karatasi inaanza kusema jambo lisilo kweli. Rwanda ilisajili zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi kati ya 2009 na 2013, kazi iliyosifiwa duniani. Muda si mrefu mauziano na urithi mwingi vikarudi kufanyika pembeni ya mfumo, kwa sababu ada ya uhamisho ilikuwa kubwa ikilinganishwa na thamani ya vipande vidogo, na sheria ya 2013 ilikataza kugawa shamba kuwa chini ya hekta 1 wakati familia nyingi hazikuwa hata na hiyo. Dar es Salaam, leseni za makazi zilizoanza kutolewa 2004 zilikuwa za miaka miwili, baadaye mitano. Wengi hawakurudi kuzihuisha. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, vilionyesha tatizo hilo kwa upande wa biashara: vya mwanzo havikuwa na picha ya mwenye kadi, kwa hiyo havikuweza kumwambia yeyote ni nani anayefanya biashara gani wapi.

Huko Makete muda wa daftari kuharibika ni mfupi kwa sababu vifo na uhamaji ni vingi. Ifuate njia ambayo yatima wa Bulongwa anatakiwa kuipita ili shamba la baba yake lisomeke kwa jina lake. Kikao cha ukoo kinamteua msimamizi wa mirathi na kuandika muhtasari. Muhtasari na cheti cha kifo vinapelekwa mahakama ya mwanzo, tangazo linatolewa, pingamizi linasubiriwa, msimamizi anathibitishwa. Hapo ndipo maombi ya uhamisho yanaanza kijijini, na yanaishia ofisi ya ardhi wilayani. Kila kituo kina nauli yake, fomu yake na siku ya "njoo wiki ijayo". Kijana wa miaka 17 anayelea wadogo zake wawili ataishia kwenye kikao cha ukoo, na hati itaendelea kukaa kwenye sanduku ikiwa na jina la marehemu. Atakayejua kwamba jina hilo halina mwenyewe ni mjomba, na pengine mnunuzi wa miti.

Taarifa yenyewe haijakosekana. Mtendaji wa kijiji anajua nani amekufa, yupo msibani. Wenyeviti wa vitongoji wanajua nani amehama na nani amegawiwa. Wanaukoo wanaandika muhtasari ambao unakaa ndani ya biblia au chini ya godoro. Kinachokosekana ni wajibu wa kuzifikisha habari hizo kwenye daftari la kijiji, na fedha kidogo za kuliendesha. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Ajenda moja ya kudumu ingetosha: daftari linasomwa, waliofariki tangu kikao kilichopita wanatajwa, na mbele ya jina la kila marehemu inaandikwa alama kwamba shamba hili lina mirathi isiyokamilika, pamoja na majina ya mjane na watoto wote, wa kike na wa kiume. Alama hiyo haimpi mtu umiliki. Inazuia halmashauri ya kijiji kuidhinisha uuzaji wowote hadi waliotajwa wasikilizwe, na kwa kuwa bila idhini hiyo uhamisho si halali, kizuizi kinakuwa na meno bila kutunga sheria mpya.

Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na msafara wa kupima kijiji kizima. Halmashauri ya wilaya inayopanga bajeti ya kutoa hati mpya ingetenga sehemu yake kwa ajili ya kuhuisha zilizokwisha kutolewa: nauli ya ofisa ardhi kuzungukia masjala za vijiji mara mbili kwa mwaka na kukusanya mabadiliko, badala ya kumsubiri yatima apande basi kwenda wilayani. Ada ya kubadili jina kwa sababu ya kifo, kwenye shamba dogo la kaya, ifutwe. Taarifa ya utekelezaji iseme ni hati ngapi zina jina la mtu aliye hai, mbali na kusema ni ngapi zimechapishwa. Na mtendaji anapohamishwa, daftari likabidhiwe kwa mrithi wake mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ukurasa kwa ukurasa, huku wenyeviti wa vitongoji wakiwapo kusahihisha.